Kurasa Thelathini za Hong Kong, Thelathini za Singapore

Sijawahi kufika Asia. Mahali pa mbali zaidi nilipofika nikielekea mashariki ni Mombasa, na huko nilikaa siku mbili, zote nikiumwa na tumbo. Lakini kwa mwaka mmoja na nusu nililala na kuamka na miji miwili ya Asia, Hong Kong na Singapore, hapo hapo kwenye meza ya chakula nyumbani kwetu Lanet. Ilifika wakati nikajua habari za miji hiyo kuliko za mtaa wetu. Mume wangu alikuwa akiuliza sukari iko wapi, mimi namjibu mambo ya vibali vya kuingia Hong Kong. Mwishowe akazoea, akawa anajitafutia sukari mwenyewe.

Sikuanza kusoma kwa kupenda. Nilikuwa kaimu mratibu wa chama cha wenye hoteli ndogo na kambi za wageni, wanachama waliotawanyika kuanzia Naivasha mpaka Subukia. Ofisi yetu ni vyumba viwili mjini Nakuru, juu ya duka la dawa za mifugo, na harufu ya dawa ya kupe hupanda ngazi pamoja na wageni wetu. Nilijibu simu, nilipanga mikutano, na mara moja kwa mwaka niliwazungukia wanachama wote nikakagua vyumba, vyoo na jikoni, kisha nikaandika ripoti. Kazi niliipenda. Neno kaimu ndilo sikulipenda. Nililibeba miaka sita, kwenye kadi, kwenye barua, kwenye utambulisho wa kila mkutano, na kila lilipotamkwa niliona watu wakishusha macho kidogo.

Katiba ya chama ilitaka mratibu awe na digrii. Mwenyekiti wetu, mzee mwenye hoteli kando ya ziwa pale Kamere, hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku moja baada ya mkutano alinibakiza.

"Madam, mwisho wa mwaka ujao hii kazi tunaitangaza kwa gazeti. Ukiwa na digrii, ni yako. Ukikosa, utaomba kama wengine, na wengine watakuwa na digrii."

Nilikuwa na miaka arobaini na saba. Masomo ya Jumamosi nilikuwa nimeyamaliza yote isipokuwa mradi wa mwisho, na mradi wenyewe ulikuwa kulinganisha sera za serikali za utalii katika miji miwili inayoshindania wageni. Wenzangu walikimbilia miji ambako walikuwa na binamu. Mimi nilichagua Hong Kong na Singapore kwa sababu mwalimu alisema ni maduka mawili yanayotazamana, na mteja ni yule yule, anashuka kwenye ndege akiwa na siku tatu na pesa za kutumia. Hilo nilielewa mara moja. Biashara za namna hiyo ziko Nakuru kila barabara.

Nikasoma. Nilisoma kwenye simu, kwenye karatasi za kuchapisha, kwenye foleni ya benki. Nilisoma jinsi Singapore ilivyobishana na nafsi yake kuhusu kuruhusu kamari, ikaruhusu, halafu ikaamua raia wake walipe kiingilio na mgeni apite bure. Nilicheka peke yangu, maana hiyo ni akili ya mama mwenye nyumba: mgeni akicheza karata sawa, lakini watoto wangu nitawafanyia iwe vigumu. Nilisoma jinsi Hong Kong ilivyofunguliwa mlango na jirani yake mkubwa wa bara, wageni wakamiminika mpaka wenyeji wakaanza kulalamika kwamba maziwa ya watoto yanaisha madukani. Niliposoma hayo nilisahau kupika, na sikujuta.

Msimamizi wangu wa mradi alikuwa daktari wa vitabu, msichana ambaye ningeweza kumzaa. Nilimpelekea kazi nzima ikiwa imepigwa chapa vizuri, na baada ya wiki mbili akaniita. Aliifunga, akaiweka juu ya meza, akaishika kwa viganja vyote viwili.

"Madam, umeandika vizuri sana. Shida ni moja. Hii si comparison. Hii ni brochure mbili zimepigwa stapler moja."

Nilimwambia nimezieleza sera zote, za huku na za kule.

"Umezieleza. Sasa niambie, ni mji gani umefanya vizuri kuliko mwingine?"

"Daktari, yote imejaribu."

"Yote imejaribu si finding, si jibu la utafiti, Madam."

Akanipa wiki tatu. Nikikosa, ni mwaka ujao. Na mwaka ujao kazi yangu ingekuwa na mwenyewe. Nilimshukuru kwa adabu zote, nikashuka ngazi nikiwa nimemchukia kabisa. Nilimchukia mpaka nilipofika barabarani, halafu nikaanza kuona haya, kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo yeye hakulijua.

Nilikuwa nimezihesabu kurasa. Hong Kong ilikuwa na thelathini na Singapore ilikuwa na thelathini. Haikutokea hivyo yenyewe. Singapore ilipofika thelathini na nne, nilikata nne, na hizo nne zilikuwa nzuri kuliko zote, zilihusu wapishi wa barabarani na namna serikali ilivyowajengea masoko yenye mabomba ya maji na meza. Hong Kong iliponiishia kwenye ishirini na saba, nilijaza na maelezo ya taa za bandarini. Nilipunguza hapa nikaongeza pale kama mtu anayewagawia watoto soda, akiinama kuangalia glasi ziko sawa. Mwanamke mzima nilikuwa naogopa kuukosea heshima mji ambao hata haujui niko hai.

Hii tabia najua nilikoitoa. Baba yangu alikuwa fundi wa reli. Alitoka magharibi akiwa kijana, akafanya kazi Nakuru mpaka akastaafu, na alikuwa na wake wawili. Mama yangu ndiye wa pili. Wa kwanza tunamwita mama mkubwa. Baba alipostaafu alinunua shamba Subukia, akajenga nyumba mbili milango ikitazamana, na kila nyumba ikawa na jikoni yake. Kila jioni, bado jua halijazama, sahani mbili zilikuja mezani kwake, moja kutoka kila jikoni. Baba alikula nusu ya hii na nusu ya ile. Simaanishi kwa makadirio. Aliugawa ugali kwa kijiko, akala mpaka kwenye mstari, akavuta sahani ya pili. Akimaliza anasema, "Tumeshiba," na sahani zinarudi kila moja kwao, na nusu zao.

Sisi watoto tulikuwa na sheria moja tu: maneno ya jikoni moja yasivuke kwenda nyingine. Nilipokuwa na miaka saba nilisema mbele ya mama kwamba mrenda wa mama mkubwa, ile mboga ya majani inayoteleza, ni mtamu kuliko wetu. Kesho yake baba aliniita, hakunipiga, hakupandisha sauti. "Ukila kwa mtu, umeshiba. Basi," akasema. Niliona aibu mpaka nikaiacha chai yangu mezani. Tangu siku ile sikuthubutu tena kusema kipi kinashinda kipi. Harusi zote nilizohudhuria zilifana. Wahubiri wote walihubiri vizuri. Na ripoti zangu za kila mwaka kwenye chama zilisema kwamba hoteli zote ni nzuri, kila moja kwa namna yake.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Subukia. Nikikasirika huwa naenda kulishwa. Baba ametutoka miaka mingi sasa, na mwaka mmoja baada ya mazishi wale wajane wawili walifunga jikoni ya mama yangu, wakasema kuni ni shida na moshi wa jikoni ya mama mkubwa unatoka vizuri zaidi. Wanapika pamoja. Nilipofika niliwakuta wameketi kwenye turubai uani, wanapukuchua mahindi, kila mmoja na gunia lake. Nikavua viatu nikaketi katikati.

Niliwaeleza yote, maana walitaka kujua ni kwa nini nimekonda. Niliwaambia kuna miji miwili mbali sana, na mimi natakiwa kusema upi unakaribisha wageni vizuri kuliko mwingine.

"Hiyo miji inagombania nini?" mama akauliza.

"Wageni."

"Na mmoja anajua mwenzake amepika nini?"

Nilisema anajua, tena sana. Huku wakijenga gurudumu kubwa la kuwapandisha watu waone mji, na kule wanajenga. Huku wakileta mashindano ya magari, kule wanatafuta kitu chao. Kila serikali ina watu ambao kazi yao ni kuchungulia ya mwenzake.

Mama mkubwa akaanza kucheka. Ana kicheko cha chini chini, mabega ndiyo hutikisika. "Kama sisi," akasema. "Mama yako alipoletwa hapa, mimi sikujua chapati. Yeye alizijulia kule landi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Nikaona baba yenu anakula ile nusu ya chapati macho yamefungwa. Nilimtuma dada yako mkubwa aende kwa dirisha aangalie vile anakanda."

"Nilimwona," mama akasema. "Nikasogea kando ili aone vizuri."

"Na wewe ulifanya nini na mrenda?"

"Nilimwaga sufuria tatu. Halafu nikaacha. Niliona kwa mboga siwezi kukushinda, nikashika chapati na chai."

Niliweka gunzi chini. Nilikuwa nimeishi miaka arobaini nikiamini kwamba katika boma letu hakuna aliyethubutu kulinganisha chochote. "Kwani mlikuwa mnajilinganisha?"

"Kila siku," mama akasema, akinishangaa kidogo. "Tungejuaje la kupika?"

"Na mbona mimi nilikatazwa?"

Mama alifikicha gunzi lake mpaka mwisho kabla ya kunijibu. "Kwa sababu ulisema ni mtamu, ukanyamaza. Mtamu kwa nini? Nani ameweka nini? Hukujua. Mtu akisema hiki kinashinda kile na hana sababu, huo ni umbea. Ungeniambia ametia maziwa, ningekushukuru."

"Na baba? Alijua chakula cha nani ni kizuri?"

"Baba yenu alikuwa mwoga," mama mkubwa akasema, na wote wawili wakacheka mpaka mahindi yakamwagika kwenye turubai. Nilicheka pia. Nilikuwa na furaha ambayo hata sasa sijui niipe jina gani, kwa sababu ndani yake mlikuwa na hasira kidogo pia.

Niliporudi Lanet niliivunja ile kazi. Sikuwa na Hong Kong upande mmoja na Singapore upande mwingine tena. Nilipanga kwa maswali: nani anaitwa, nani anamlisha, nani wa nyumbani aliulizwa. Kwenye kila swali niliiweka miji yote miwili pamoja, uso kwa uso, na mara moja nikaona nilichokuwa nimekikosa kwa mwaka mzima. Hakuna hata mmoja uliokuwa ukipika peke yake. Nusu ya sera za huku zilikuwa jibu kwa sera za kule. Singapore ilitazama maduka na starehe za mwenzake, ikajua haiwezi kumshinda kwa bandari ile na vilima vile, ikaamua kushinda kwa mipango. Hong Kong ilikuwa na jirani tajiri mlangoni, ikamtegemea, na jirani alipobana mlango kidogo ikaona baridi.

Nikazirudisha zile kurasa nne za wapishi wa barabarani. Kumbe ndizo zilikuwa na uzito kuliko zote. Miji yote miwili inajitangaza kwa chakula cha barabarani, picha za mvuke na masufuria. Lakini Singapore iliwachukua wale wapishi ikawapa paa, maji na mahali penye anwani, ikawakagua. Hong Kong kwa miaka mingi iliacha kutoa leseni mpya, vibanda vikapungua kila mwenye kibanda alipozeeka, na bado picha zao ziko kwenye matangazo. Niliandika kwamba hapo Singapore inashinda, na sababu nikazitaja. Ukurasa uliofuata niliandika kwamba kwa kulinda vilima na misitu yake Hong Kong inashinda, na sababu nikazitaja. Mwishoni niliandika upi kwa jumla umewafanyia vizuri wageni na wenyeji wake pamoja. Niliandika Singapore. Sehemu za kazi hazikulingana tena kwa urefu, moja ilikuwa na kurasa tisa na nyingine mbili, na niliziacha hivyo hivyo.

Siku ya kuitetea waliketi watatu mbele yangu, na msimamizi wangu pembeni. Nilivaa suti ya harusi ya mtoto wa dada yangu. Mmoja wao, mzee mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, alinibana.

"Hawa wa Singapore unaowasifu wanawabana watu wao. Kila kitu sheria. Hulioni hilo?"

Zamani ningesema kila upande una mazuri yake. "Naliona, Profesa. Liko ukurasa wa hamsini na moja. Wanabana. Lakini mpishi aliyebanwa ana mfereji wa maji, na mpishi aliyeachwa huru hana mahali pa kusimama. Kama ningekuwa mimi ndiye mpishi, najua ningeenda wapi."

Akaufungua ukurasa, akausoma mpaka chini. Nilitoka nje nikangoja chini ya ukuta wa maktaba, na waliponiita tena nilikuwa nimepita, na marekebisho madogo. Nililia kidogo chooni. Msimamizi wangu hakunikumbatia wala nini. Jioni alinitumia ujumbe: "Congrats Madam. Page numbers bado ziko off."

Nakala moja niliipeleka ofisini ikae kwenye faili ya chama, na cheti cha matokeo juu yake. Wiki mbili zikapita kimya. Kisha Mwenyekiti akanipigia, akasema nisimfuate Nakuru, nije kwake Kamere.

Nilimkuta barazani kwake, akitazama ziwa. Hoteli yake ni nzuri kwa macho, ina bwawa la kuogelea na bustani iliyokatwa vizuri mpaka kwenye ua wa seng'enge ufukweni. Kazi yangu ilikuwa mezani mbele yake, kurasa zimekunjwa pembe. Kando yake palikuwa na barua, na juu ya barua kifuko cha miwani. Hata nikiwa nimesimama niliweza kuisoma. Ilisema mratibu. Neno kaimu halikuwepo.

"Keti, Madam. Nimesoma. Sikuelewa yote, lakini nimesoma." Akapapasa ile kazi. "Miaka sita umeniletea ripoti. Zote zinasema tuko wazuri. Unajua nilikuwa nafanya nini nazo?"

"Hapana."

"Naweka kwa file." Hakusema kwa ubaya. "Katiba inataka digrii, sawa, unayo. Lakini pendekezo naandika mimi. Kabla nisaini, nataka uniambie kitu. Hapa kwangu na pale kwa jirani. Wapi ni bora?"

Jirani yake ana hoteli ndogo ya mabati, vyumba vinane, bila bwawa. Ni mwanachama wetu pia. Nilikuwa na lile jibu langu la kila siku tayari mdomoni, limeiva, linataka kutoka tu. Niliitazama barua. Nilifikiria miaka mingine mingi ya kujibu simu nikiwa kaimu, au nisiwe hata kaimu.

"Pale kwa jirani, Mwenyekiti."

"Sababu?"

"Ulipoweka hii seng'enge, akina mama waliokuwa wanakaanga samaki hapa ufukweni walikosa mahali. Jirani aliwapa nafasi kwa geti yake. Akawawekea mfereji na paa. Sasa wageni wako wanalala hapa, lakini chakula cha mchana wanaenda kula kule. Wanapita meza zako zikiwa zimeandaliwa. Nimewaona miaka miwili mfululizo nikija kukagua, na sikuandika."

Aligeuka akatazama kule kwenye seng'enge. Sikuogopa kumuudhi tena, nilichoona ni aibu, maana wale akina mama walikuwa wamehangaika msimu mzima kabla jirani hajawapokea, na mimi nilijua.

"Ungeniambia wakati huo," akasema.

"Ndiyo. Nilipaswa kukuambia."

Akatoa kalamu mfukoni, akaifungua kazi yangu kwenye jalada la nyuma, ndani, akaandika taratibu kwa herufi kubwa: mfereji, paa, geti. Akaitazama orodha yake. Kisha akavuta barua kutoka chini ya kifuko cha miwani, akatia sahihi, akanisukumia.

"Umekula?" akaniuliza.

Nilimwambia bado. Akachukua kofia yake, tukatoka kwa miguu kwenda kwa jirani.